Aliyetangulia Ofisini

Haya aliniapia rafiki yangu Namukolo, wa hapa hapa Lusaka. Alikuwa amekaa bila kazi mpaka akachoka. Kila asubuhi aliweka mtandaoni picha yake na maelezo ya ujuzi wake, hadi jirani akamtania, "Dada, hata picha zako zimekonda kwa kutafuta kazi!" Alicheka, kisha akajifungia ndani akalia, maana wanawe walikuwa wamelala na njaa.

Hatimaye kampuni moja ikamwandikia: tumeupenda ukurasa wako, njoo. Akaazima viatu, akaenda mbio.

Umeme ulikuwa umekatika jengo zima. Akapanda ngazi gizani akipapasa ukuta, asisikie ila nyayo zake. Huko juu mlinzi akammulika tochi usoni, akarudi nyuma.

"Mama, umetokea wapi?"

"Ndiyo kwanza nafika, baba. Nimeitwa kazini."

"Lakini asubuhi nimekufungulia mwenyewe! Si uko humo ndani?"

Nyuma ya mlango kiti kikaburutwa. Hatua zikasogea taratibu, zikakoma. Kisha sauti ya Namukolo mwenyewe ikasema kwa upole, "Mwambie arudi nyumbani. Nafasi imejaa."