Herufi Iliyozidi

Tone la maji lilianguka kwenye ndoo ya bati. Kimya. Kisha likaanguka jingine.

Kiyoyozi cha chumbani kwa Rawan kilikuwa kinavuja tangu mwanzo wa Oktoba. Siku nyingine mlio ule ulimbembeleza akalala. Alfajiri hii ulimwamsha hata kabla ya adhana, na kila tone lilipogonga bati aliona kama mtu anapiga mlango taratibu, mtu ambaye hana haraka kwa sababu anajua utafungua tu.

Rawan alikuwa na miaka kumi na miwili. Wazazi wake walikuwa safarini Salala, na yeye alibaki na bibi yake, Bi Nadra, katika fleti yao ya ghorofa ya tatu, mtaa wa Al Khuwair, Maskati. Ilikuwa Jumamosi, hakuna shule. Aliinuka, akaswali, akaenda jikoni. Hapo kwenye meza ndogo karibu na mlango, chini ya kopo la biskuti, zililala bahasha nne.

Alijitahidi asizitazame.

Bahasha zile zilikuwa za safari ndefu. Bi Nadra alizaliwa Unguja, akaishi Amerika miaka ishirini na mbili, akapewa uraia wa huko, na uzeeni akaja Maskati kukaa na binti yake. Wazee wenzake watatu waliotoka jimbo lile lile alikoishi yeye walikuwa na hadithi kama yake. Kila uchaguzi wa jimbo ulipofika, walipiga kura kwa posta. Karatasi zilikuja kwa kompyuta, Bi Nadra akazichapa, na wazee wakakusanyika sebuleni kwake kuzijaza. Kura yenyewe iliingia kwenye bahasha ya ndani na kufungwa. Karatasi ya kiapo, yenye sahihi ya mpiga kura, ilikaa nje ya hiyo, kisha zote mbili zikaingia kwenye bahasha kubwa.

Mwaka huu Rawan aliruhusiwa kusaidia, kwa sharti moja. "Utasoma, utaeleza, utashika karatasi isiteleze," bibi alimwambia. "Kalamu si yako. Umenisikia?"

"Nimesikia, Bibi."

Jana, baada ya Alasiri, alisaidia vizuri. Alimsomea Bi Masouda kila mstari, na mzee yule alipofika pahali pa kuchagua, Rawan aligeuka akatazama ukuta mpaka alipoambiwa, "Tayari, mwanangu." Bi Masouda aliishi kijiji cha Bustan, nyuma ya vilima, na mwanawe na mkwewe. Mkono wake wa kulia ulikuwa unatetemeka, na kila mwezi ulizidi. "Kura hii nnaitaka sana," alisema akicheka kidogo. "Ijayo ni baada ya miaka miwili. Mkono huu sijui utakuwa umefika wapi."

Alitia sahihi polepole kwa herufi za Kiarabu, kama alivyofundishwa katika chuo cha Kurani Unguja alipokuwa mdogo: Masouda binti Musallam. Kisha Rawan akaipeleka karatasi ile ya kiapo chumbani kwake aiweke kwenye bahasha.

Hapo ndipo alipoitazama. Mstari ulipanda na kushuka. Na neno la katikati lilikuwa na kosa! Rawan alikuwa wa kwanza darasani kwa imla ya Kiarabu. Neno lile, bint, huandikwa kwa herufi be, nuni na te, basi. Bi Masouda alikuwa ameongeza herufi ye mwishoni. Shuleni, mwalimu angeizungushia wino mwekundu.

Rawan alimwonea haya mzee wa watu. Alichapa karatasi nyingine ya kiapo, akashika kalamu, akaandika jina lile kwa mkono ulionyooka, bila ye. Ile ya kwanza aliichana vipande vipande, akaizika kwenye pipa la taka chini ya kokwa za tende. Kisha akafunga bahasha kwa gundi. Bi Masouda alipokuwa anaondoka alimbusu kwenye paji la uso.

"Sabalkheri, mjukuu wangu," Bi Nadra alisema sasa, akiingia jikoni. "Mbona macho yamevimba? Kaa unywe chai. Bi Masouda kanipigia simu jana, kakuombea dua mpaka salio likamwishia."

Rawan alikaa. Chai ilikuwa na iliki, kama anavyoipenda, lakini alizungusha kijiko tu.

"Mtu wa vifurushi atapita saa tatu," bibi aliendelea. "Leo ndiyo siku yetu ya mwisho. Bahasha ikikosa gari la leo, haiwahi uchaguzi. Nnaomba tu yasitupate ya Bwana Bakhit."

"Yalimpata nini Bwana Bakhit?"

"Uchaguzi uliopita alikuwa kavunjika mkono. Akatia sahihi kwa mkono wa kushoto, wala hakuniambia. Kule wana sahihi yako ya siku uliyojiandikisha. Wanaziweka mbili pamoja wanazitazama. Zisipofanana, kura inawekwa kando. Barua ya kumwarifu ilifika uchaguzi umeshapita. Mtu mzima yule alilia."

Tone likagonga bati.

"Na kama… kama mtu kamtilia mwenzake?" Rawan aliuliza, akitazama kikombe.

"Hilo ni kuvunja sheria. Ndiyo maana nikakwambia kalamu si yako." Bi Nadra alimsogezea sahani ya mandazi. "Kwa nini unauliza?"

Maneno yalifika mpaka kwenye meno. Lakini simu ikalia. Alikuwa Bi Jawaher, mke wa Bwana Bakhit, akiuliza kama bahasha zimeshatoka. "Bado, shoga," Bi Nadra alimjibu, na sauti yake ikajaa fahari. "Safari hii usiwe na wasiwasi. Nnaye Rawan wangu, kila kitu kakipitia yeye."

Rawan aliinuka akaenda dirishani. Upepo ulikuwa umeleta vumbi, na milima nyuma ya majengo ilikuwa myeusi, haina kingo. Kila gari lililopunguza mwendo chini lilimshtua. Alijiambia kwamba huenda wasizitazame sana. Alijiambia kwamba bado kuna muda, atasema baada ya dakika tano. Dakika tano zikapita, akaomba nyingine tano.

Kengele ililia saa mbili na nusu.

"Hodi! Samahani, mama, nimewahi," alisema dereva wa vifurushi, kijana wa Tanga mwenye kofia ya kampuni. "Leo barabara nyeupe kabisa. Mzigo wenyewe uko wapi? Bahasha nne tu? Mimi nilijiandaa kubeba friji!"

Bi Nadra alicheka. Akachukua kalamu, akatia sahihi yake ya kukabidhi mzigo, ile ile ya siku zote, yenye kitanzi mwishoni. Dereva akazipiga bahasha kwa kiganja ziwe sawa, akaaga. Mlango wa lifti ukafunguka, ukajifunga.

Rawan alikuwa bado amesimama katikati ya sebule.

"Mbona umeganda?" bibi aliuliza.

"Bibi, ile ya Bi Masouda si sahihi yake. Ni mkono wangu."

Hakungoja kuona uso wa bibi. Alishuka ngazi mbili mbili, miguu mitupu, akatokea uani gari jeupe linarudi nyuma. Akalipiga ubavuni kwa viganja vyote viwili.

"Wee dada! Utagongwa!" dereva alipiga breki. "Kuna nini?"

"Bahasha moja… moja ina makosa. Tafadhali, kaka. Nirudishie."

Dereva alimtazama, akatazama miguu yake juu ya lami, kisha akamwona Bi Nadra anakuja kwa kuhema, ameshika viatu vya mjukuu wake mkononi.

"Ningekuwa nimeshaisajili kwenye mashine, nisingeweza," alisema, akiitoa bahasha. "Bahati yako sijaigusa. Lakini sikiliza, mama. Gari langu ndilo linalowahi ndege. Sitarudi huku."

"Tunakwenda Bustan kwa mwenye bahasha," Bi Nadra alisema.

Dereva alifikiri. "Nina kifurushi cha hoteli kule. Saa nne kamili nitakuwa kwenye mzunguko wa kuingia kijijini. Nitasubiri dakika tano. Sita siwezi."

Huo ulikuwa wema mkubwa, wala hakutaka hata kushukuriwa.

Walichapa karatasi mbili mpya za kiapo, wakaondoka. Bi Nadra aliendesha mwenyewe. Siku nyingine alizungumza na kila taa ya barabarani na kuwagombeza madereva waliomkata. Leo alinyamaza, mpaka walipoanza kupanda vilima. Hapo akasema mara moja tu, "Utamwambia wewe. Mimi nitakaa pembeni."

Hind, mkwewe Bi Masouda, aliwafungulia. Alimwona Rawan alivyovimba macho, akamletea maji kabla ya kumwuliza lolote.

"Karibuni, karibuni!" Bi Masouda alisema kutoka kwenye kochi lake. "Nimesahau miwani yangu kwenu?"

Rawan alikaa chini mbele yake. Akasema yote: karatasi, kalamu, pipa la taka, gundi. Mkono wa mzee ulitetemeka juu ya goti lake kama ndege aliyenaswa.

"Mwandiko wangu ulikuwaje?" Bi Masouda aliuliza hatimaye. Sauti yake ilikuwa ndogo. "Ulikuwa mbaya hivyo?"

"Mstari ulipinda. Na… uliandika ye kwenye bint. Kwa Kiarabu haipo. Niliogopa watakucheka."

"Mimi si bint, mwanangu. Mimi ni binti. Kiswahili, kwa herufi za chuoni. Baba yangu aliniandikia hivyo kwenye ubao nikiwa mdogo kuliko wewe, na mimi nikaifuata kwa kidole. Nilipojiandikisha kura kule Amerika nikamwuliza yule mama wa ofisini, je, niandike kizungu? Akaniambia, andika kama unavyoandika siku zote. Wale hawajui kusoma nilichoandika. Wanatazama umbo tu. Hiyo ye uliyoifuta ndiyo wanayoitafuta."

Rawan aliinamisha kichwa. Machozi yalidondoka kwenye zulia, tone, kisha tone.

"Lete kisu cha siagi," Bi Masouda alimwambia Hind.

Aliifungua bahasha yake mwenyewe, ingawa ilimchukua muda mrefu. Karatasi ya Rawan, iliyonyooka, nzuri, aliitazama, akaichana. Kisha akachukua kalamu. Saa ya ukutani ilisema saa nne kasorobo.

Karatasi ya kwanza iliharibika. Mkono uliruka na wino ukakata jina zima. Ikabaki moja. Hind aliweka mto mezani, mzee akaegemeza kiwiko. Kalamu ikagusa mstari, ikatikisika. Mkono wa Rawan uliinuka wenyewe kwenda kuushika ule wa Bi Masouda, karibu umguse. Akaurudisha. Akashika pembe mbili za karatasi, moja kwa kila mkono, akazibana mezani zisisogee hata unywele.

Bi Masouda aliandika. Jina lilipanda na kushuka. Lilipofika katikati, kalamu ikasimama, ikavuta pumzi kama mtu, kisha mkia wa ye ukashuka chini ya mstari, umepinda, mzima.

"Hiyo," alisema. "Funga, Nadra. Huyu mtoto mikono yake imelowa."

Walifika kwenye mzunguko saa nne na dakika tano. Gari jeupe lilikuwa limewasha taa, linaanza kuondoka, na Bi Nadra akabonyeza honi mpaka watu wakageuka. Dereva alinyoosha mkono dirishani, akaipokea bahasha bila kuzima gari. "Friji limefika," alisema, akaenda zake.

Bi Nadra alizima gari. Kisha akamgeukia mjukuu wake.

"Nnajua ulitaka kumsaidia," alisema. "Mtu akitetemeka, tunamshikia karatasi. Tunamngoja. Hatumwandikii jina lake, hata kama mwandiko wetu ni mzuri zaidi, kwa sababu wa kwake ndio wa kweli na wetu ni uongo. Na ukikosea, sema kabla gari halijaondoka. Leo umesema kwa kuchelewa, lakini umesema. Hilo sitalisahau."

"Na kama wakiikataa? Mstari bado umepinda."

"Basi watakuwa wamemkataa yeye mwenyewe, hawakudanganywa. Tungoje."

Walingoja siku kumi na moja. Kila jioni Rawan alifungua ukurasa wa ofisi ya uchaguzi kwenye kompyuta ya bibi, na kila jioni palikuwa patupu mbele ya jina la Bi Masouda, wakati bahasha nyingine tatu zilikuwa zimeshapita. Alianza kuogopa saa ya kuufungua. Siku ya kumi na moja palikuwa na maneno mawili. Aliyasoma mara tatu, akapiga simu Bustan.

"Imepokelewa, Bi Masouda. Imekubaliwa!"

"Pamoja na ye yangu?"

"Pamoja na ye yako."

Bi Masouda akacheka, na kicheko chake kikatetemeka kama mkono wake.

"Basi njoo tena Bustan, mwanangu," alisema. "Hakuna karatasi ya kujaza. Njoo tu."