Miche Thelathini na Saba kati ya Hamsini na Mitano

Kila Ijumaa baada ya chakula cha mchana, sisi wa chama cha kompyuta hukimbilia darasa la mwisho la shule yetu, karibu na Ogembo, kugombania kompyuta tatu zilizopo. Ijumaa hiyo nilipewa moja peke yangu. Mwalimu Manasseh alitaka niandike programu ya kulinganisha ni sehemu gani ya miche ya parachichi ya kila darasa iliyoshika mizizi. Basi la kwenda maonyesho ya kilimo mjini Kisii lilikuwa na nafasi ya darasa moja tu, na mshindi angetangazwa kwenye gwaride la shule saa tisa.

Sisi Gredi ya Sita tulipanda miche hamsini na mitano, ikashika thelathini na saba. Gredi ya Tano walipanda hamsini na miwili, ikashika thelathini na mitano. Niliiagiza kompyuta igawanye iliyoshika kwa iliyopandwa, ibakishe nafasi mbili za desimali kama tufanyavyo daftarini. Sisi, 0.67. Wao, 0.67. Sare.

Nikafuta, nikaandika upya. Sare. Nikazima, nikawasha. Sare! Nilitamani kuizaba kofi. Muhula mzima tulibeba maji kutoka mtoni, kisha sare?

Duke, mwanadarasa mwenzangu, akachungulia skrini. "Gesare, wewe nawe! Ongeza mstari mmoja: zikitoshana, Sita ishinde. Nani atajua?"

Nikauongeza. Kompyuta ikajibu papo hapo: GREDI YA SITA. Duke akapiga meza kwa furaha. Mimi nilimkumbuka mama, jana yake, akirudi amefura kutoka kituo cha kuuzia majani chai. Mzani ulisoma kilo kumi na mbili nukta sita, karani akaandika kumi na mbili. "Ile nukta ni jasho langu!" alirudia mpaka ugali ukapoa.

Nami sasa nilikuwa kama yule karani. Nilimwita mwalimu nikamwonyesha mstari ule, huku Duke akinikanyaga mguu chini ya meza.

"Umeniudhi," Mwalimu Manasseh alisema. "Lakini umeniita mwenyewe. Futa. Sasa niambie, kwa nini unagawanya?"

"Ili nipate desimali, Mwalimu."

"Halafu unaikata! Usigawanye kabisa. Zidisha namba ya juu ya sehemu yenu kwa namba ya chini ya sehemu yao. Kisha ya juu yao kwa ya chini yenu. Mwenye jibu kubwa ndiye mwenye sehemu kubwa. Hapo hakuna nukta ya kukata."

Nikaandika. Yetu, 37 mara 52: 1924. Yao, 35 mara 55: 1925.

Moja! Tumeshindwa kwa moja! Machozi yalinitoka.

"Kompyuta hufuata unaloiagiza," mwalimu alisema kwa upole. "Ukiiagiza uongo, itaidanganya shule nzima bila haya. Kuona haya ni kazi yako wewe unayeiandikia. Leo umeifanya."

Nililisoma tokeo mwenyewe kwenye gwaride. Gredi ya Tano waliruka kwa shangwe. Duke akatangulia nyumbani bila kuningoja.

Nyumbani, mama alikuwa akiosha vyombo mapema, kabla jua halijatua na Sabato kuanza. Nikamweleza yote.

"Wamewashinda kwa ngapi?"

"Moja tu, Mama."

"Na ukaiandika hiyo moja?"

"Nikaiandika."

Akaifuta mikono yake. "Basi ukimaliza shule," alisema, "uje uwe karani wetu."