Kikohozi Ndani ya Kola

Mama mwenye nyumba aliamka akikohoa kama mtoto. Kikohozi chembamba, cha kitoto kabisa, chenye filimbi mwishoni. Wapangaji walicheka mpaka wakashikana mabega.

"Leo bibi kameza filimbi," akasema kinyozi wa chumba cha mbele.

Na nani angemhurumia? Mwanamke aliyewahi kuwafungia watu maji eti kuna mtu kacheka kwa sauti!

Fundi cherehani wa chumba cha nyuma ndiye peke yake hakucheka. Kikohozi kile alikijua. Kilikuwa cha binti yake, na binti yake alikuwa koridoni anaruka kamba, mzima wa afya.

Ngojeni niwape umbea wenyewe. Mtoto yule alikuwa amefika pa kufa, hospitali wameshainua mikono. Basi mchana mmoja harufu ya nguo inayoungua ikajaa chumbani, na pasi iko baridi, imekaa pembeni. Mdomoni mwa mtoto ikatoka sauti nzito: "Nitafutie pengine, nihame."

Fundi hakuuliza mara mbili. Alichukua fulana ya mtoto iliyolowa jasho, akaikata, akaishona iwe bitana ndani ya kola ya gauni aliloagizwa na mama mwenye nyumba. Akalipiga pasi vizuri, akalipeleka mwenyewe.

"Ulifanya la maana," dada yake alimnong'oneza. "Mtoto anapumua, maji yanatoka, nyumba imetulia. Huyo bibi ana nani wa kumlilia?"

"Ndicho kinachoninyima usingizi, dada. Nilimchagua kwa sababu hiyo."

Akashindwa kuvumilia. Akaenda kwa bibi, kaficha mkasi mdogo wa kufumulia nguo. Alimkuta kitandani, kakonda, na gauni mwilini. Hataki kabisa kulivua.

"Ni wewe tu unayekuja kunitazama, mwanangu," bibi akasema akifumba macho. "Na hili gauni lako... sijawahi kushonewa kitu kikanikaa hivi."

Fundi akainama, ncha ya mkasi ikagusa uzi wa kwanza, na hapo hapo ile harufu ya kuungua ikapanda, kola ikavimba na kunywea chini ya vidole vyake kama shavu la mtu aliyelala fofofo, na mdomo wa bibi ukafunguka wenyewe, macho bado yamefumba, ikatoka ile sauti nzito, taratibu, bila hasira yoyote, kama mpangaji mstaarabu anayeaga: "Fumua tu. Kwako napajua."

Koridoni miguu ya mtoto ilikuwa inapiga sakafu, ta, ta, ta.

Fundi akaurudisha mkasi mfukoni. Kisha akamfunga bibi kifungo cha juu, kile cha shingoni kabisa.

"Asante, mwanangu," bibi akasema, sasa kwa sauti yake mwenyewe. "Baridi ilikuwa inaniingia."