Simama Kulia Kwangu

"Hivi jirani, siku hizi salamu zinauzwa?"

Swali hilo fundi cherehani aliulizwa asubuhi moja na muuza mayai, mama wa makamo ambaye kibanda chake kilikuwa hatua kumi tu kutoka mlango wa duka la fundi.

"Zinauzwaje tena, jirani?"

"Jana nimekupungia mkono mpaka bega likauma. Umenipita kama nguzo ya umeme! Umepata bwana mwenye gari, au?"

"Wala! Nilikuwa na mawazo tu."

Wakacheka, yakaisha. Lakini fundi aliporudi kwenye cherehani yake, kicheko kilimkauka. Jana hakuwa na mawazo yoyote. Alikuwa na macho mawili wazi, na hakuona mkono wa mtu.

Wiki hiyohiyo akaenda soko la vitambaa. Alivaa gauni la kijani alilojishonea mwenyewe, mkanda mwembamba kiunoni, na futi ya kupimia ilikuwa bado shingoni, kasahau kuivua. Soko limefurika, wauzaji wanapiga makofi, hewa imejaa harufu ya nguo mpya. Mara puu! Upande wa kushoto akajigonga kwa kijana aliyebeba majora matatu ya vitambaa begani. Moja likaanguka, la njano, likajikunjua mpaka miguuni mwa wateja.

"Dada! Macho mazuri hivyo, unayatumia au ni pambo?"

"Na wewe miguu mirefu hivyo, hujui kukwepa?"

"Nikukwepe wewe? Kwani mimi mjinga?"

Kijana alikuwa na mwanya, penseli sikioni, na shati jeupe lililokunjwa mikono. Wakakikunja kile kitambaa pamoja, kila mtu kashika ncha yake, wakasogeleana hatua kwa hatua mpaka vidole vikagusana. Hakuna aliyefanya haraka kuachia.

Tangu siku ile kijana akamwita Kipimo, kwa ajili ya ile futi. Naye akamwita Bwana Jora.

"Kipimo wangu, umeamkaje?" Simu ililia kila asubuhi kabla chai haijapoa.

"Nimeamka na wateja. Sema haraka."

"Moyo wangu umepungua inchi mbili. Njoo uupime."

"Lete kitambaa, nikushonee mwingine."

Alimshonea shati la rangi ya bluu ya mbingu. Kijana alipolivaa mbele ya kioo, akacheka mpaka akashika ukuta. "Kipimo, huu mfuko wa kushoto umelewa! Unaangalia chini kama mtu anayetafuta funguo." Fundi naye akacheka sana, kisha akaingia nyuma ya pazia la kupimia nguo, akafuta machozi.

Alijua. Mwaka mzima upande wa kushoto ulikuwa unafungika, kama pazia linalovutwa polepole na mtu asiye na haraka. Mama yake mzazi, Mungu amrehemu, alianza hivyohivyo, akafa haoni mchana wala usiku. Siri hiyo alimwambia mtu mmoja tu, mama mkubwa wake aliyemlea. Mama mkubwa akampa chupa ya maji ya mizizi, atie machoni matone matatu kila jioni.

"Na hospitali usithubutu. Mama yako aliingia akipapasa kuta, akatoka kashikwa mkono. Kisu chao ndicho kilichommaliza."

Maji yale yalikuwa ya baridi, yanatuliza. Na mwenye hofu akipata kinachomtuliza, hudhani amepona.

Jumamosi moja kijana alisimama nje ya posta, amemnunulia mpenzi wake boksi la nyuzi, rangi ishirini na nne. Alimwona anakuja, ameongozana na mteja, bwana harusi mtarajiwa aliyebeba suti yake mpya. Kijana akanyamaza, akatabasamu, akitaka kumshtua. Fundi akapita. Alipita karibu kiasi cha mkono kugusana, anacheka na yule bwana, hata kope haikutikisika. Kijana akabaki na boksi lake, na tabasamu ambalo halina pa kwenda.

Jioni akapiga simu. Safari hii hakuuliza umeamkaje.

"Leo saa nane ulikuwa wapi?"

"Nilikuwa namsindikiza mteja. Kwani vipi, mpenzi?"

"Ulinipita."

Fundi akalivuta karibu kopo lake la vifungo.

"Nimesimama mimi hapa, wewe hapo. Umenipita unacheka na mwanamume. Niambie tu kama nimekuchosha, mimi si mtoto."

Akisema sikukuona, ataulizwa kwa nini. Na akieleza kwa nini, je, mwanamume atabaki? Nani anaoa fundi wa nguo ambaye kesho hataona sindano? Akajibu kwa sauti ambayo hakuijua kama ni yake:

"Kama umeona hivyo, basi ndivyo."

"Basi ndivyo?"

"Ndivyo." Akakata simu, akaiweka ndani ya lile kopo, akafunika kabisa.

Siku kumi zikapita. Siku ya kumi na moja kijana alifika kwenye kibanda cha muuza mayai, ameshika lile boksi.

"Mama, naomba umpe jirani yako. Mimi hapa sipiti tena."

"Kisa?"

"Ana dharau. Ananipita kama hanijui."

Muuza mayai akaweka trei chini taratibu. "Ulisimama upande gani?"

"Upande? Kushoto kwake. Kwani upande una nini?"

"Mwanangu, hata mimi nilimwita mwenye dharau, Mungu anisamehe. Kisha nikawa namwangalia. Akitoka dukani, kibanda changu kiko kushoto kwake. Hanioni. Akirudi, kiko kulia. Basi ananiita tangu kule kwenye kona, 'Jirani, mayai yameisha?' Sasa niambie, ni dharau gani hiyo inayokwenda na kurudi?"

Kijana akageuka kuutazama mlango wa duka. Kisha akalichukua boksi lake.

Alimkuta fundi ameinama kwenye cherehani. Akasimama kushoto kwake, karibu na bega, hakusema kitu. Sindano ikaendelea, tiki tiki tiki. Fundi alimaliza mshono wa mkono wa gauni, akanyoosha mkono kushoto kutafuta mkasi, akashika suruali ya mtu.

"Mama yangu! Nani?"

"Jora."

"Uko hapo tangu lini?"

"Tangu ulipoanza huo mkono."

Fundi akajifunika uso kwa kile kitambaa. "Basi umeshajua. Nenda tu."

"Niende wapi, na vipimo vyangu vyote viko humu? Kwa nini hukuniambia?"

"Ningesemaje? Kwamba unamchumbia kipofu mtarajiwa?"

"Watarajiwa ndio huvaa suti," akasema kijana, na fundi akacheka ndani ya machozi bila kupenda. "Kesho twende ukaangaliwe."

"Mama mkubwa amekataza."

"Kuangaliwa tu, Kipimo. Kukataa dawa kupo palepale, hakuozi."

Daktari wa macho alikuwa mama mfupi mwenye sauti ya chini. Alimweka fundi kidevu kwenye mashine, akampa kitufe: atazame katikati, abonyeze kila akiona kimulimuli pembeni. Kulia alibonyeza. Kushoto akangoja, akangoja, mpaka akadhani mashine imezima.

"Haijazima, binti," daktari akasema. "Ni presha ya macho. Hula pembeni kimyakimya, na mara nyingi haiumi wala haiwashi. Kilichokwenda hakirudi, sitakudanganya. Kilichobaki tunakilinda kwa matone, asubuhi na jioni, kila siku ya Mungu, na kuja kupimwa."

"Na maji ya mizizi?"

"Mboga kula, karoti kula, maombi omba. Lakini jichoni usitie kitu ambacho hakijapimwa. Kutuliza jicho si kushusha presha."

"Mama yangu alipasuliwa macho, akapofuka."

"Alifika hospitali akiwa bado anaona kiasi gani?"

Fundi hakujua. Alikuwa mtoto.

"Muulize aliyempeleka," daktari akasema, akaandika dawa.

Matone ya daktari yaliwasha, yakamwachia macho mekundu. Akayavumilia wiki tatu. Jumapili jioni wakaenda wote wawili kwa mama mkubwa, ambaye fundi alikuwa amekwisha mweleza habari za daktari na za posa. Sebule yake ilikuwa safi, vitambaa vya kufuma juu ya kila kiti, na kabatini kitabu cha dini kando ya chupa ya mizizi. Kijana alivaa lile shati la bluu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Mbona huo mfuko umeinama?"

"Kaushona binti yako, mama."

"Na ndilo shati la kujia kuposa?"

"Ndilo shati langu la heshima."

Mama mkubwa alimtazama muda mrefu. "Leo unasema hivyo. Akipofuka utamshika mkono mpaka chooni?"

"Nitamshika. Lakini kwanza nataka asipofuke."

"Kwa hayo matone yenu? Tazama macho ya mtoto yalivyo, kama pilipili! Dada yangu aliingia mikononi mwao, akarudi giza tupu."

Fundi akasogeza kiti chake. "Mama mkubwa, mama alitumia maji ya mizizi muda gani kabla ya kwenda hospitali?"

Mama mkubwa akanyoosha kitambaa cha kufuma kwenye mkono wa kiti.

"Mama mkubwa."

"Miaka mitatu." Aliitazama mikono yake mapajani. "Nilimtilia mimi. Kila jioni, kwa mkono huu. Alikuwa akisema anasikia nafuu, nami nikamwambia vumilia, dada, dawa ya Mungu haina haraka. Tulipofika, daktari alisema tumechelewa. Nilimsikia vizuri kabisa. Lakini nilirudi nyumbani nikasema ni kisu. Ningesema nini kingine, mwanangu? Ningekubeba mgongoni vipi, nikijua nilichomfanyia mama yako?"

Fundi alitaka kumjibu, lakini simu yake ikalia mkobani: saa kumi na mbili kamili, wakati wa matone. Akaitoa chupa ndogo. Kifuniko kikagoma. Kijana akanyoosha mkono kumsaidia.

"Lete hapa," mama mkubwa akasema.

Akasimama, akaja kulia kwa mtoto wake ili aonekane. Fundi akaegemeza kichwa kwenye kiti.

"Tazama juu."

Tone moja kulia. Tone moja kushoto. Mkono wake haukutikisika hata kidogo. Akafuta chozi lililotiririka shavuni mwa fundi kwa ncha ya mtandio wake, akakaza kifuniko, akaiweka ile chupa katika kiganja cha kijana na kumkunja vidole juu yake, kimoja kimoja, mpaka vyote vitano vikafunga. Kisha akaenda kabatini, akachukua chupa ya mizizi, akajitanda mtandio kichwani, akatoka nje kuyamwaga yale maji.