Bwana wa Ndani ya Chupa

Walikutana kwenye duka la vitambaa, watu wamebanana kama njugu ndani ya ganda. Fundi cherehani, kijana mrefu mwenye utepe wa kupimia shingoni, aligeuka akamwambia dada wa gauni la zambarau aliyesimama nyuma yake, "Samahani dada, hizo ndizi mbivu umezificha wapi? Njaa inaniuma."

Dada akacheka hadi mtandio ukamteleza. Ndizi hakuwa nazo. Alifanya kazi kiwandani, chumba cha harufu, ambako ndizi ya biskuti na waridi la sabuni hutoka kwenye chupa za kemikali: ndizi isiyoujua mgomba, waridi lisiloujua mwiba. Madirisha ya chumba kile hayafunguliwi, hewa ya nje isije ikaharibu mchanganyiko. Jioni unaoga, unasugua, na harufu iko palepale, nyweleni na kwenye mishono ya nguo. Wenyewe pua zimeshazoea, hawasikii kitu.

Mapenzi yakashika. Fundi akipiga simu mchana humwita kikapu changu cha matunda, humuuliza leo anakuja embe au limau. Jioni, kabla hata ya salamu, humnusa shingoni akabahatisha. Ulikuwa mchezo mtamu, hadi siku aliponusa akarudi nyuma.

"Nani huyu?"

"Nani yupi, mpenzi?"

"Usinizungushe. Unanukia mwanamume. Mafuta ya kupaka kidevuni, tena ya bei."

Dada akajinusa mkono, wapi. Ila alijua. Kiwanda kilikuwa kinatayarisha mafuta mapya ya wanaume, na wote wa chumba kile wameapishwa wasitamke neno mpaka yafike madukani. Atakayetamka, kazi hana, na kazi ile ndiyo iliyomtunza mama yake mgonjwa. Akabaki kama panya mtegoni, mbele hakupitiki, nyuma hakurudiki. Alisema tu ni harufu ya kazini. Fundi akamjibu kwamba kiwanda chao kinajulikana kwa biskuti na sabuni za akina mama, sasa huyo mwenye ndevu kaingilia wapi?

Kila jioni ikawa hivyo, ananuswa kama mzigo mpakani, hadi akaiogopa saa ya kutoka kazini kuliko ya kuingia. Mwisho simu zikakoma.

Lakini wivu una miguu. Jioni moja fundi akaja kujibanza getini, amkamate huyo bwana kwa macho yake. Kengele ikalia. Wakatoka wasichana wa chumba cha harufu, wote wananukia bwana yuleyule. Akatoka bibi mfagiaji, hana jino la mbele, naye ananukia bwana yuleyule, tena kuwazidi wote. Fundi akasimama kama aliyemwagiwa maji.

Dada alipotokea, akamwomba radhi mbele za watu, akasema anataka kumwoa, waende kwa mama leo hii.

"Umeniamini kwa kuwa umemnusa bibi wa watu," dada akasema. "Mimi nilipokwambia, je?"

Fundi akauzungusha utepe wake kidoleni.

"Nakupenda, fundi. Ila mle ndani nimefungiwa, na kwako pia sitaki kufungiwa. Ukitaka kujua, niulize. Na nikikwambia siwezi kusema, basi."

Fundi akauliza, "Na huyo bwana wa ndani ya chupa, dukani ataitwa nani?"

"Siwezi kusema."

Jasho likamtoka fundi, lakini akaupokea mkoba wa dada.

"Haya. Twende kwa mama."