Kamba ya Injini

Novatus alikuwa amelala chali chini ya Starlet yake nyeupe, miguu nje, kiwiliwili ndani, na injini kifuani.

Wala haikuwa injini ya gari lile. Injini ambayo gari lilikuja nayo, ndogo, ilikuwa imewekwa pembeni juu ya tairi bovu. Hii iliyomuua ilikuwa ya Corolla, kubwa, nzito, imesafirishwa kutoka Dar juu ya lori la chumvi. Mwaka ule ununuzi wa pamba ulikuwa umeachiwa watu binafsi, na wanunuzi walikuwa wakifukuzana vijijini kama wendawazimu. Anayetangulia kufika na mizani ndiye anayeondoka na pamba. Novatus, fundi magari aliyegeuka mnunuzi, alitaka kigari chake kiwaache wenzake wakila vumbi. Bariadi nzima ilikuwa ikingoja kusikia mngurumo wake.

Basi, ndiyo hivyo tena. Mngurumo haukusikika.

Inspekta Kwandu hakuanza na maiti. Alitazama juu, kwenye kapi lililoning'inia kwenye boriti ya gereji, akaifuata kamba ya katani kwa macho mpaka kwenye nguzo ilikokuwa imefungwa. Akaiokota ncha yake.

"Haijakatika," alisema. "Imefunguliwa."

"Na aliyeifungua tunaye, Afande," Koplo Jumbe alidakia. Koplo huyu alikuwa mtu wa Pangani, mchapakazi, ila haraka yake haikuwa na breki. "Abubakari wa duka la spea, jirani hapo. Yeye ndiye aliyepiga kelele kwamba ameona maiti. Kanzu yake imejaa oili. Na wamegombania mpaka wa kiwanja hiki tangu mwaka jana."

"Kuna aliyemwona?"

"Leo siku ya mnada, Afande, mtaa mzima uko kwenye ng'ombe. Ila yupo mama anayeuza michembe, vile viazi vikavu, nje ya uzio, anaitwa Mama Mhoja. Hakuona, alisikia. Marehemu alikuwa akigombana na mtu juu ya mahali. Kisha kishindo."

"Mahali gani?"

"Si hapahapa, Afande! Kiwanja hiki!"

Ilikaa sawa. Ilikaa sawa mno, na Kwandu hakupenda kitu kinachokaa sawa mapema hivyo.

Kituoni, Abubakari alikuwa amekalishwa sakafuni. Nje sungusungu walishakusanyika na pinde zao, wakipuliza filimbi na kutaka wapewe mtu wao. Mkuu wa kituo alikuwa ameamua: kabla ya jua kuzama mtuhumiwa apelekwe Shinyanga kwa kosa la mauaji. Na kosa hilo, kila mtu anajua, mwisho wake ni kitanzi.

"Oili imefikaje kwenye kanzu?"

"Nilijaribu kuinyanyua ile injini, Afande. Nimetoka kuswali adhuhuri, nikaona miguu. Ningefanyaje? Nimwache?"

"Mlikuwa na ugomvi."

"Wa uzio! Mtu anaua kwa ajili ya uzio?"

"Wapo waliofanya hivyo."

Abubakari akaangua kilio, mtu mzima na ndevu zake. Mkewe Naila alikuwa kaunta, ameng'ang'ania mbao kama anayezama. Kwandu alimwonea huruma, lakini huruma haifungui mahabusu.

Kwenye benchi alikaa Mahona, kaka mkubwa wa marehemu, mfugaji wa Ngulyati, amejifunga shuka begani.

"Mwadila," Kwandu alimsalimu, akimnyooshea mkono.

"Mwadila."

Mahona akatoa mkono wa kushoto. Wa kushoto! Kwandu, binti wa wafugaji wa Kiloleli, hajawahi kupewa mkono wa kushoto na Msukuma mwenye akili zake. Damu ilimpanda. Akajituliza: msiba humchanganya mtu.

"Mnyongeni," Mahona alisema, macho sakafuni. "Mnyongeni yaishe."

Kwandu akatoka kwa mlango wa nyuma, akaenda mwenyewe kwa Mama Mhoja.

"Kalibu, mwanangu. Sogea ndani kidogo, balabala hii ina vumbi sana. Onja michembe."

Kwandu alikuwa akipeleka kipande kinywani. Mkono ukasimama njiani.

Balabala. Mama yake mzazi husema hivyohivyo hadi leo. Balabala, gali, habali za asubuhi.

"Mama, waligombania nini pale?"

"Si nilimwambia yule kijana? Mahali."

"Mahali pa kujenga nyumba, au mahari ya kuolea mke?"

"Ee! Nyumba imetoka wapi tena? Ya kuolea! Ya ng'ombe!"

"Walikuwa wakisema Kiswahili?"

"Kisukuma kitupu. Huyo mwingine simjui, lakini alikuwa analia: bukwi yetu, bukwi yetu, umeipeleka wapi. Nikamtafsilia kijana wenu vizuli kabisa, maana ni mtoto wa pwani. Mahali, nikamwambia. Akafulahi, akaondoka mbio."

Kwandu alitaka kucheka na alitaka kulia. Bukwi yetu. Abubakari ana bukwi gani na Novatus? Mahari ya nyumba moja hugombaniwa na watu wa nyumba moja.

Alirudi kituoni nusu akikimbia. Gari la polisi lilikuwa limeshawashwa, na Koplo Jumbe alikuwa akimshika Abubakari mkono ampandishe.

"Mrudishe ndani!" Kwandu alipiga kelele. "Mahona, njoo."

Akamkalisha mbele ya meza.

"Mna dada?"

"Benedikta."

"Ameolewa?"

"Ameolewa."

"Mahari yake ililetwa?"

"Ililetwa yote."

"Wako wapi hao ng'ombe?"

Nje filimbi zililia.

"Nakuuliza, Mahona. Ng'ombe wa dada ndio wanaomwoza kaka, na kaka mkubwa ndiye anayeanza. Mimi pia nimezaliwa huku. Wako wapi?"

"Uliza gereji," Mahona alijibu taratibu.

"Nyoosha mkono wa kulia."

Hakunyoosha. Kwandu akaenda mwenyewe, akaufunua ule mkono ndani ya shuka. Kiganja kilikuwa kimechunika chote, nyama nyekundu, nyuzi za katani zimeng'ang'ania kwenye kidonda.

"Aliwauza nikiwa malishoni," alisema. "Wote. Akaniambia ningoje msimu wa pamba uishe. Scola wangu yuko Kalemela, baba yake akachoka kungoja. Jumamosi kaozwa kwa mwingine. Leo nimekwenda kumwuliza, Afande. Kumwuliza tu. Alikuwa chini ya gari, hata uso hakuutoa. Akaigonga injini kwa spana, ngo, ngo, akacheka: 'Kaka, ng'ombe wako hao hapo juu. Wasalimie.'"

"Ukafungua kamba."

"Nikafungua kamba."

"Na Abubakari? Ungemwacha anyongwe?"

Mahona aliinamisha kichwa.

Koplo Jumbe alikuwa amesimama mlangoni, ameyasikia yote. Bila kuambiwa, akaenda kufungua mahabusu. Abubakari alipita bila kumtazama mtu, Naila akamshika kanzu ileile yenye oili, wakatoka wakiwa wameshikana.

Kwandu alibaki akikitazama kile kiganja. Kuna kitu kilimsumbua.

"Anayeifungua kamba na kuiachia hachuniki hivi," alisema.

Hapo ndipo Mahona alipolia. Alilia kwa sauti mpaka sungusungu nje wakanyamaza.

"Niliishika, Afande. Ilipoanza kukimbia niliidaka. Huyu nilimbeba mgongoni mama alipokufa. Niliishika kwa nguvu zangu zote, ikanishinda." Akakiangalia kiganja chake. "Ng'ombe wangu mwenyewe wale. Sikujua kuwa ni wazito hivyo."