Waridi Lenye Malengelenge

Waridi la kwanza lilitoka na malengelenge.

Wagdi alizima mashine yake ya kuchonga, akapuliza vumbi, akapitisha kidole gumba juu ya ubao. Petali sawa, majani sawa, ila katikati ya ua mti ulikuwa umetuna vipele laini vya mviringo, vimebanana. Kisu kinakula mti, hakiutunishi.

"Mota zinaruka," alisema. "Nitafungua tena."

Kaka yake, Sharbini, alikuwa amesimama mlangoni na glasi ya chai. "Bwana injinia, mashine yako imepata tetekuwanga. Ipeleke kliniki."

"Cheka tu. Utakuja kuniomba nikuchongee viti."

Shuruki, mkewe Wagdi, alikuwa amempakata mtoto wao mchanga, Basil, na hakucheka. Alikuwa ameshasikia harufu. Wanaume walisema ni mti kuungua. Yeye aliijua: ni ya nyama iliyomwagikiwa maji ya moto.

Tangu kabla hajaoa, Wagdi alikuwa akiiunda mashine hiyo chini ya nyumba, mota kazitoa kwenye mashine chakavu za fotokopi, reli kaziokota huku na huku, kompyuta ya kuiongoza imefungwa kwa utepe. Mji mzima wa Damieta unakula kwa samani, na baba yake alichonga kwa mkono mpaka macho yakamwisha. Wagdi hakutaka kumaliza hivyo.

Siku chache kabla ya waridi hilo la kwanza, alipogundisha meza ya mashine kwa gundi ya ngozi, ile ya kuchemsha, chungu kilipinduka, gundi ikaganda sakafuni mpaka kwenye tundu la maji machafu. Wagdi alikuwa ametoka kutafuta skrubu. Basil alikuwa amelia tangu alfajiri, ndiyo kwanza amelala juu, na Shuruki alitaka amalize upesi akalale naye. Akashuka na birika linalotokota, ayeyushe gundi. Sasa, huko kwao maji ya moto hayamwagwi tunduni hivi hivi, majini, wenye pahala, hupigiwa hodi kwanza, wapate kuondoa watoto wao. Hata waliosoma husema, kimoyomoyo. Mama mkwe wake, Hajjat Inshirah, alimkumbusha kila mara, na ndiyo maana siku hiyo Shuruki alinyamaza makusudi. Alichoka kukumbushwa.

Akamwaga. Chini ya tundu kitoto kikalia, mara moja, kama kimekatwa pumzi.

Akanyoosha mkono akawasha mashine ya kufyonza vumbi, asisikie, na akaendelea kumwaga mpaka birika likaisha.

Baada ya waridi lile, kila ubao ukatoka vile vile. Wagdi akafungua reli, akabadilisha nyaya, akafunga upya, macho yamemwingia ndani. "Nimekosea mimi mahali, Mama Basil. Ni mikono yangu hii."

"Utalipata kosa, inshallah," akamjibu, akaenda kuosha vyombo.

Kisha wayo wa Basil ukatoka malengelenge, laini, ya mviringo, yamebanana. Daktari aliushika ule mguu akamtazama Shuruki usoni. "Nani kammwagia mtoto maji ya moto?"

"Hakuna, daktari."

Hajjat Inshirah alikuwa amekaa pembeni. Aliinuka akamchukua mjukuu wake kutoka kwa Shuruki.

Mchana ule, baada ya chakula, saa ambayo misumeno ya mtaa mzima hunyamaza na watu wamelala, Shuruki akasikia reli zikiteleza kule chini, akadhani ni Wagdi, lakini Wagdi alikuwa akikoroma ubavuni pake, akashuka ngazi moja moja, mkono mdomoni, na harufu ile inampanda kooni kila ngazi, mpaka akauona mkono wa mashine ukienda na kurudi, ukienda na kurudi, polepole, kisu hakizunguki, plagi imening'inia haijagusa ukuta, ukienda na kurudi kama mtu anayembembeleza mtoto asiyetaka kunyamaza, na kwenye tundu mtoto alikuwa analia, sauti imeshakauka, ya mtoto aliyelia siku nyingi bila kubebwa.

Hajjat ndiye aliyemwita Umm Rawya, mganga. Mama huyo alinusa mara moja, akamtoa kila mtu isipokuwa Shuruki.

"Ni wewe?"

"Ni mimi, mama."

"Ulipiga hodi?"

"Hapana."

"Ulimsikia?"

"Nilimsikia. Nikawasha mashine nisimsikie."

"Ulimsikia ukaendelea." Umm Rawya akaufunga uvumba wake bila kuuwasha. "Simfukuzi mama aliyeunguziwa mtoto nyumbani kwake, mwanangu. Sina uso huo."

"Basi anataka nini? Mwanangu ataisha."

"Wa kwake hanyonyi. Wale wameumbwa kwa moto, kila mama yake akimgusa anamuunguza upya. Wewe ni udongo. Kifua chako kina baridi." Akasimama. "Mume wako umemwambia?"

"Bado."

"Nilijua."

Sasa wayo wa Basil umepona. Mawaridi yanatoka safi, watu wanaleta mbao, Sharbini mwenyewe kaomba miguu ya viti, na Wagdi anamwambia kila mgeni kuwa kosa lilikuwa kwenye nyaya. Kila mchana wakilala, Shuruki hushuka, hukaa sakafuni karibu na tundu, hufungua vifungo na kufumba macho. Uzito huja pajani, wenye joto la mkate uliotoka tanuri. Mwanzo ulikuwa mwepesi. Siku hizi miguu yake hufa ganzi.

Jana alipanda, akamkuta Wagdi ameamka, anacheza na mtoto kitandani. Wagdi akaona doa la damu kwenye kifua cha gauni lake.

"Kah, amekung'ata? Kumbe ameshaota meno huyu?"

Basil alikuwa anamchekea baba yake, kinywa wazi, ufizi mtupu.

"Ndiyo," alisema Shuruki, akageukia ukuta kufunga vifungo. "Yameanza."